Ufito Uliopimia Makaburini

Tata yangu, wewe uliyelala upande wa kulia wa nyumba,

Nakuandikia kwa amri. Usidhani nimepata ujasiri wangu mwenyewe. Unanijua, mimi ni yule yule mwanao aliyejificha nyuma ya ghala kila alipoitwa kuchota maji. Aliyeniamuru ni Mama Bosibori, yule mjane wa ng'ambo ya kijito, na amesema niandike barua ya wazi, isomwe mbele ya watu wote wa kilima chetu, yeye akiwa amekaa mstari wa mbele. "Wewe si ni mwalimu?" alinifokea. "Basi kalamu ifanye kazi." Nimeikwepa miezi mitatu. Leo ni Jumapili, nimemaliza kusahihisha madaftari, kisingizio kimeniishia.

Naanza na ufito, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo.

Ulining'inia juu ya meko, mrefu kuliko wewe, na moshi ulikuwa umeugeuza rangi ikawa kama chai ya mkandaa. Sisi watoto hatukuugusa. Hata Mama alipofagia utando wa buibui aliukwepa. Upande mmoja ulikuwa na alama ulizozichonga kwa kisu, na kila alama ilikuwa na jina la mtu, na kila mtu huyo alikuwa amekufa. Ulinifundisha majina hayo nikiwa mdogo, ukinibeba mabegani ili nifikie. Wenzangu walijifunza kuhesabu kwa punje za mahindi. Mimi nilijifunza kwa marehemu wa Ekerenyo, na shuleni nilikuwa wa kwanza kwa hesabu, kwa hiyo silalamiki.

Kazi yako ilikuwa hivi. Mtu akifa wakati wa kiangazi, kabla ya masika, vijana walichimba kaburi, na wakimaliza uliitwa. Ulishuka shimoni na ufito, ukausimamisha kwenye ukuta wa udongo, ncha ya juu sawa na nyasi. Kisha ulianza juu kwenda chini. Kila upana wa kiganja ulichokoa udongo kidogo, ukaufinya mkononi. Ukimomonyoka, pakavu, unashuka. Ukishikana ukawa donge, hapo ndipo unyevu unapoanzia, nawe unachonga alama. Halafu ulifanya lile jambo ambalo mpaka leo likinijia nasimama kidogo popote nilipo. Ulilala chali, la, ulilala kifudifudi, kwenye sakafu ya kaburi la mtu mwingine, ukaweka sikio chini. Umati wote ulinyamaza. Hata wanawake waliokuwa wakilia walimeza kilio. Ulipoinuka ulikuwa na udongo mwekundu sikioni, na ulisema neno moja au mawili. Miaka ile ya mwanzo ulisema, "Yanapita." Maana yake maji.

Watu walirudi nyumbani wakijua wafanye nini. Ulikuwa na msemo wako: mvua ya juu hupewa mkono na maji ya chini. Kama ardhi bado ina unyevu karibu, mvua ya kwanza ikinyesha, panda, hata ikikatika majuma mawili mche utavumilia. Kama unyevu uko mbali, mvua ya kwanza ni mgeni asiye na mwenyeji. Ngoja, au weka wimbi badala ya mahindi.

Siku moja nilikuuliza kwa nini tusichimbe tu shimo shambani tukapima, badala ya kungoja mtu afe. Nilikuwa na miaka minane. Uliniziba mdomo kwa kiganja. "Shimo la kina hicho lisilo na mwenyewe hujitafutia mwenyewe," ulisema. Nilikaa siku nyingi nikiogopa hata mashimo ya kupandia migomba.

Unakumbuka mzee Nyang'au, yule aliyezikwa miaka ile ya kuelekea Uhuru, mvua ilipokataa kwenda nyumbani hata kiangazi? Alama yake ndiyo ya juu kabisa, karibu na ncha. Kaburi lilianza kujaa kabla ya sala kwisha. Walipomshusha, jeneza lilielea. Likawa linagonga kuta za udongo, ngo, ngo, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi. Wanaume wanne walirusha mawe juu yake mpaka likazama, na hata baada ya kufukiwa mimi niliapa bado nasikia. Ulinishika mkono ukacheka, "Acha mzee abishe. Huko chini kuna wenyeji wengi." Ulikuwa na furaha siku ile, Tata, na sikuelewa kwa nini mtu afurahi mazishini. Sasa naelewa. Ardhi ilikuwa imeshiba.

Baada ya hapo alama zikaanza kushuka. Si kila mwaka. Mwaka mwingine zilipanda kidogo, watu wakapumua. Lakini ukiangalia ufito wote, zilishuka. Nyang'au pale juu. Mke wa katekista, usawa wa kifua chako. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza, usawa wa kiuno. Na maneno yako yakabadilika nayo. "Yanapita" ikawa "Yanapita mbali." Kisha siku moja, kwenye kaburi la yule fundi wa baiskeli, ulikaa chini muda mrefu mpaka kaka yake akauliza kama umelala. Ulipanda juu ukajipangusa magoti. "Kimya," ulisema.

Nyumbani ulituambia sababu unazoziona. Msitu wa kileleni ulikatwa ili watu wapate shamba la chai na pareto. Bondeni, palipokuwa na matete na tope la kumeza ng'ombe, watu walichimba mifereji, wakapanda mikaratusi kwa ajili ya nguzo na kuni. "Kila mtu anachimba njia ya kumfukuza mgeni," ulisema, "kisha analia kwamba mgeni haji." Mama alikukumbusha kuwa mikaratusi ishirini kati ya hiyo ni yako. Ulikohoa ukaomba chai.

Na vyura wa bondeni walinyamaza. Hakuna aliyejua siku gani. Jioni moja tu Mama alisimama uani na sufuria mkononi akauliza, "Vyura wako wapi?" Sote tukasikiliza. Hakika hatukukumbuka tuliwasikia lini mara ya mwisho.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa kilima chetu hawapendi lisemwe, na Mama Bosibori amesema niliseme. Januari ikifika, watu walianza kuwaangalia wazee. Hawakusema kitu. Lakini mtu alikuja kumjulia hali mgonjwa, akakaa, akanywa uji, na macho yake yakawa yanamwangalia kana kwamba ni ng'ombe wa mnadani. Mwaka ulipopita bila mazishi ya kiangazi, watu walipanda kwa kubahatisha, na nilisikia mwanamume mmoja sokoni akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwaka huu nani atatupimia?" Mwenzake alitaja jina. Wote wawili walikuwa waumini wazuri, wanatoa zaka.

Magokoro, bibi yangu, alilijua hilo vizuri kuliko sisi sote. Mama yako hakuwa mtu wa kufichwa kitu. Miguu ilipomkataa, miaka ya sabini ikiwa imeanza juzi tu, akawa wa kulala ndani ya nyumba yake inayotazamana na yako uani, na wageni wakaanza kuongezeka. Aliwapokea akiwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. "Karibuni," aliwaambia. "Mwaka huu nawapimia mimi. Msihangaike." Walikana wakiapa. Alicheka mpaka akakohoa. Na wewe alikushika mkono nikiwa nimesimama pale pale na beseni, akasema, "Nitakuambia ukweli, mwanangu. Mimi sijawahi kukudanganya hata kuhusu dawa chungu."

Beseni. Tumefika, Tata.

Mimi ndiye niliyemwogesha. Nilikuwa darasa la saba, nikitoka shule nachemsha maji, namwogesha kwa ile sabuni ya waridi aliyoletewa na shangazi kutoka Masimba, maana alikataa kabisa sabuni ya kipande. "Nikienda, niende nikinukia," alisema. Mama alinipa maagizo siku ya kwanza: maji ya mgonjwa usiyamwage uani, yapeleke chini migombani. Migomba ilikuwa mbali, njia inateleza, na beseni zito, na mimi, haki ya Mungu, nilikuwa mvivu. Siku ya kwanza niliyapeleka. Siku ya pili niliyapeleka nusu njia. Siku ya tatu nilizunguka pembe ya nyumba ya Magokoro, upande wa kushoto, pasipoonekana kutoka jikoni, nikamwaga hapo. Kila siku, kuanzia Agosti mpaka Januari. Hata jua lilipokuwa kali na nyasi zote zimegeuka mabua, kile kipande kilikuwa kijani, na mimi niliona, nikafurahi kwamba Mama hakupita upande ule.

Upande wa kushoto wa nyumba, Tata. Unajua mwenyewe mwanamke wa kwetu anazikwa wapi.

Alifariki Ijumaa. Sabato tulikaa naye, hakuna aliyegusa jembe, na Jumapili wapwa zako walichimba. Nilisimama na wanawake nikitazama majembe yakiingia pale pale. Udongo ulitoka mweusi, wa kushikana. Watu walianza kunong'ona kwa furaha. Nilijua. Nataka uelewe kwamba nilijua tangu jembe la kwanza, sikuhitaji kufikiri. Mdomo wangu ukawa kama umeshonwa.

Ulishuka na ufito. Ulichokoa kiganja cha kwanza, kikashikana. Hukuamini. Ulichokoa cha pili, kikashikana. Miaka kumi hukuwa umeona unyevu karibu hivyo. Upana wa kiganja tu kutoka juu! Ulileta lile donge puani ukanusa, na nikaona uso wako ukikunjamana, kisha ukafunguka kama wa mtoto. Ulituangalia sisi juu, machozi yanakutoka.

"Inanukia mama," ulisema.

Ilinukia, Tata. Ilikuwa sabuni ya waridi.

Ogeto, mpwa wako mkubwa, ndiye pekee aliyeona jambo. Yeye ndiye aliyechimba mwisho. Alisema, "Mjomba, lakini huku chini kuna vumbi tena." Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea, unyevu juu na ukavu chini, ardhi haikai hivyo. Ulimwinulia mkono. "Ufito hausomwi mara mbili," ulimwambia. Siku ile hata sikio hukuliweka chini. Mama yako alikuwa ameahidi kukuambia ukweli, na wewe ulikuwa umeusikia kwa pua yako.

Mvua ilinyesha siku ya sita. Watu walijaa uani kwetu kabla ya saa mbili asubuhi. Mama Bosibori alikuja na debe lake moja la mbegu kichwani, kana kwamba anaenda nalo sokoni, akalitua miguuni pako. "Mzee, hizi ndizo zote," alisema. "Nina watoto wanne. Zikifa, sina nyingine. Niambie kama mtu mzima." Ulimwangalia machoni. "Panda. Maji ya chini yako karibu. Mama amesema."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na umbali wa hatua tano.

Kilima chote kilipanda, kileleni na bondeni, na hakuna aliyeweka wimbi. Mahindi yaliota mazuri, kiasi cha kidole. Halafu jua likatoka likakaa. Wiki ya kwanza tuliomba kanisani. Wiki ya pili miche ilijikunja kama sigara. Wiki ya tatu, Mama alifungua mlango asubuhi akakuta mche mmoja mkavu umelazwa kizingitini, mizizi yake imetazama ndani. Alidhani ni watoto. Kesho yake ilikuwa mitatu. Siku ya Sabato ilikuwa haihesabiki, imepangwa safu, mmoja kando ya mwingine, kwa unadhifu wa kutisha. Hakuna aliyetutukana. Hakuna aliyetunyima salamu. Njiani walisema, "Bwana asifiwe, mzee," na wakapita. Na asubuhi miche ikawa pale. Hatukumwona hata mmoja akiiweka.

Mama alitaka kuichoma. Ulikataa.

Siku moja ya Sabato nilisingizia kichwa nikabaki nyumbani. Nawe ulikuwa umebaki, wewe mzee wa kanisa. Nilikuona kupitia ufa wa dirisha ukiwa umebeba miche ile kwa mikono miwili. Uliipeleka kwenye kaburi la Magokoro ukaipanga juu yake. Ukachutama. Ukasema, kwa sauti niliyoisikia vizuri, "Mama, tazama. Nilikukosea nini?" Kisha ukamimina kikombe cha maziwa pale udongoni, wewe uliyetufundisha kuwa wafu wamelala na hawajui kitu mpaka tarumbeta. Maziwa yalikaa juu kwanza, meupe, hayakuingia. Halafu yakaingia yote mara moja, kana kwamba kuna mtu ameyavuta. Nilifunga dirisha.

Naweza kusema nilikuwa mtoto. Sitasema. Kuna siku moja ambayo haina kisingizio. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, mkubwa kabisa, nina viatu vya kisigino. Uliniita tukakaa nje. Ulikuwa umekonda, na watu walikuwa wameacha kukuita makaburini. Walipima kwa macho tu, wengine walikuwa wameng'oa chai yao na kwenda kutafuta vibarua Kericho. Uliniuliza ukitazama chini, "Wewe ndiye ulikuwa naye kila siku. Alikuwa amenikasirikia?"

Neno lilikuwa hapa, Tata, mbele ya meno.

Nikasema, "Sijui."

Uliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. Ukaingia ndani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na nilikuacha wewe uitembee.

Likizo ile ile niliushusha ufito kutoka juu ya meko. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kuchora mistari ya vipimo, kwa hiyo nilipima kila alama kwa rula, nikazipanga kwenye karatasi ya miraba kwa kufuata miaka ya mazishi. Nilitaka kuona tu. Mstari ulishuka kutoka Nyang'au mpaka yule fundi wa baiskeli, kwa mikunjo midogo, kama mtu anayeteremka kijitoni akiwa na mtungi. Ungeweza kuufuata kwa kidole ukijua mwaka unaofuata utakuwa wapi. Na mwishoni, alama moja imeruka juu, peke yake, haina jirani. Mtu yeyote aliyesoma darasa la tano angesema: hii hapa ni makosa, irudieni. Niliikunja karatasi nikaitia ndani ya Biblia, na kila nilipofungua Biblia ilianguka.

Ulituacha mwaka huu, Februari, kiangazi kikiwa kikali. Hata kifo chako ulikileta kwa wakati wake. Na nakwambia, watu waliokuwa hawajakanyaga uani kwetu miaka yote hiyo walikuja, wakasimama mbali na kaburi wakiangalia miguu yao. Mama Bosibori alikuwa amerudi zamani kutoka kwa ndugu zake Birongo, alikokimbilia wakati wa njaa ile na kukaa misimu miwili akilishwa kama mgeni. Alirudi na watoto watatu. Wa nne, yule mdogo aliyekuwa na kikohozi, alibaki huko, na kaburi lake halikupimwa na mtu.

Vijana walipomaliza kuchimba, walipanda juu. Hakuna aliyesema neno ufito. Mimi niliingia ndani nikautoa. Wanawake hawashuki kaburini, nilijua, na shangazi alinishika gauni. Nilimtoa mkono polepole. Nilivua viatu nikashuka.

Ni baridi kule chini, Tata. Hukuwahi kuniambia. Sauti za juu zinakuwa ndogo na mbingu inakuwa mlango. Nilisimamisha ufito, nikachokoa kiganja cha kwanza nikafinya. Vumbi. Cha pili, vumbi. Nilishuka na alama zako zote, nikampita mke wa katekista, nikampita mwalimu wangu, nikampita fundi wa baiskeli, nikafika sakafuni nimepiga magoti, na udongo ulinitoka kati ya vidole kama unga. Hapakuwa na mahali pa kuchonga. Ufito wote ulikuwa mkavu. Basi nikalala kifudifudi, mahali ulipolala sasa, nikaweka sikio.

Sitaandika nilichosikia. Nitasema tu kwamba "kimya" ulilolitumia ni neno la upole.

Nilipanda juu na udongo sikioni. Mama Bosibori ndiye aliyeuliza, kwa sauti kavu. "Ufito wasemaje?"

"Mkavu mpaka chini," nilisema. "Mvua ya kwanza msiiamini. Wekeni wimbi." Kisha mdomo ukafunguka wenyewe. "Na ufito haukuwahi kusema uongo. Hata siku ile. Ni mimi. Nilimwaga maji ya kumwogesha Magokoro pale pale miezi sita kwa uvivu wa kwenda migombani. Ndiyo yaliyoshika udongo. Ogeto aliona. Mimi nilijua. Nilinyamaza."

Nilidhani watanipiga. Ogeto alikaa chini kwenye lundo la udongo kama mtu aliyekatwa kamba. Mama Bosibori alinitazama, kisha akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, Tata, cha mtu peke yake mbele ya maiti. "Maji ya kuogea!" alisema. "Yaani mimi nimemzika mwanangu ugenini kwa sababu ya maji ya kuoga ya bibi kizee!" Kisha kikageuka kilio, na nilipomsogelea alinisukuma kifuani, halafu akanishika mkono wangu kwa mkono ule ule alionisukumia, akaukaza mpaka kucha zikaingia.

"Yeye alijua?" aliuliza, akikuonyesha wewe kwenye jeneza.

"Hapana."

"Alikufa akidhani nani alimdanganya?"

Nilielekeza kidevu ng'ambo ya uani, kwenye kaburi la Magokoro.

Aliuachia mkono wangu. "Mimi utanilipa kwa kuniona kila siku mpaka ufe," alisema. "Lakini huyu, huyu mwandikie."

Nikueleze yaliyofuata, najua ungetaka kujua. Mvua ya kwanza ilinyesha siku nne, nzuri, ya kumshawishi mtu yeyote. Hakuna aliyepanda mahindi. Kilima chote kilisimama milangoni kikiitazama ikipita. Jua likarudi majuma matatu, na safari hii lilikuta mashamba matupu, halikupata cha kuua. Wimbi letu sasa limefika magotini. Mahindi tuliyapanda masika ilipotulia, na yako hai.

Jambo jingine, usinikasirikie. Mimi na Mama Bosibori tumechimba shimo. Katikati ya shamba, mbali na nyumba, mbali na maji ya mtu yeyote, refu kama kaburi, halina mwenyewe. Alichimba yeye zaidi kuliko mimi. Alichimba kama anayetafuta kitu. Watu wanalizunguka kwa mbali wakipita, na kusema kweli hata mimi asubuhi nikilipima natoka haraka. Labda bado linatafuta mwenyewe. Lakini Januari ijayo hakuna atakayekaa kwenye kitanda cha mgonjwa akimhesabia pumzi. Nimechonga alama ya kwanza kwenye ufito mpya. Ule wako umelala nawe. Niliuweka kando yako mwenyewe, na ile alama iliyoruka juu nimeikwangua kwa kisu.

Sasa neno langu la mwisho, kisha nikuache ulale.

Kaburi lako na la Magokoro yanatazamana. Ni hatua kumi na nne tu, nimezipiga. Ulitufundisha kwamba siku ya kuamshwa kila mtu atakaa wima pale pale alipolazwa. Basi wa kwanza utakayemwona ni yeye, ng'ambo ya uani, anajipangusa udongo na ananukia waridi. Nakuomba, Tata, usimnunie. Usianze kwa kumwuliza alikukasirikia nini. Hatajua unazungumzia nini, na itamuumiza. Geuka kwanza unitafute mimi. Maji yalikuwa yangu.

Ni mimi, mwanao uliyembeba mabegani asome majina.